Kidole cha Siagi

Jimbo letu la uchaguzi nalijua kwa miguu yangu. Linaanzia chini kwenye maji ya Ziwa Albert, ambako wavuvi huanika samaki juu ya mchanga, linapanda mlima hadi malisho ya Bogoro, linaingia Bunia penye vumbi na maduka, halafu linageuka kusini kufuata vilima vya Gety, penye mihogo na maharage mazuri kuliko yetu, ingawa wakati wa vita usingemsikia mtu wa kwetu akikubali hivyo. Nchi yote hiyo inaitwa Irumu. Vita ilipoivuruga, watu waliikata huku na huku na magodoro kichwani: wa ziwani wakapanda, wa Bogoro wakakimbilia mjini, wa Gety wakaingia porini. Mimi na mama tuliangukia Ngezi, mtaa wa Bunia, katika lupango la baba mdogo, yaani kiwanja chake chenye nyumba tatu na lango la mabati.

Baba mdogo alikuwa mdogo wa marehemu baba yangu. Siku tuliyofika kwake na ng'ombe wawili, kibuyu kimoja na nguo tulizovaa, alifungua lango mwenyewe, akatuonyesha nyumba ndogo ya nyuma, na hakuuliza tutakaa mpaka lini. Hilo nalisema kwanza, maana baadaye nitamsema kidogo, na sitaki mtu amdhanie ubaya. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye koti la suti alilolivaa hata jua likiwa kali, na mwenye imani kubwa kwamba mambo ya ukoo yote yanapita mikononi mwake.

Irumu ilikuwa na viti vyake bungeni, na kimoja kilihesabiwa kuwa chetu, sisi watu wa barabara ya ziwa. Wagombea walikuwa wengi kupita kiasi, lakini hata watoto wangu wa darasa la kwanza, maana mimi ni mwalimu, walijua nani atakikalia. Tulimwita mutoto wa kwetu. Mutoto gani, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi! Lakini katika siasa mtu wa kwenu hakui. Alikuwa amekaa miaka mingi mbali akifanya biashara, na aliporudi kwa kampeni gari lake lilipita Ngezi vioo vimefungwa, ila kimoja, na mkono mmoja ukitoka nje kutupungia. Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga, tena kwa sauti. Tulikuwa tumetoka kwenye mabaya, na huko nje ya mji bunduki zilikuwa hazijanyamaza. Tulitaka mtu mmoja wa kwetu akae mahali pa juu, basi.

Kwa hiyo sitakuweka roho juu: alishinda, kama ilivyojulikana. Ninachosimulia ni kura moja ambayo hakuipata, na ambayo nusura itutoe mimi na mama nje ya lile lango la mabati.

Lazima nianze na siagi. Wale ng'ombe wawili tulimwachia mchungaji mmoja pembeni ya mji, na kila asubuhi maziwa yalifika. Mama aliyatia katika kibuyu, akaketi chini, akakisukasuka juu ya mapaja mpaka siagi ikatoka. Aliigawa vipande vya kiasi cha ngumi, akaviweka juu ya jani la ndizi, na kabla ya kufunga alibonyeza kidole gumba cha kulia katikati ya kila kipande. Kile kidole kilikuwa na kovu. Alipokuwa msichana alijikata kwa kisu cha kukatia majani, na kidonda kilipopona kiliacha mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Basi kila siagi ya mama ilikuwa na shimo dogo, na ndani ya shimo huo mstari.

Bibi yangu alifanya vivyo hivyo kule Bogoro, ili mnunuzi ajue kwamba hakuna aliyefungua jani njiani. Lakini Bunia ya vita iliupa ule mchezo maana nyingine. Watu waliogopana mpaka kwenye chakula. Huyu hali cha yule, yule hali cha huyu, kila mtu akisikia habari za sumu. Sokoni mnunuzi alinusa, akageuza, akamwambia muuzaji aonje kwanza, naye akaonja huku amenuna. Kwa mama hapakuwa na kunusa. Mtu alifungua jani, akakiona kidole, akaweka kikapuni, akaenda zake. Waliiita mafuta ya kidole. Sidanganyi nikisema Ngezi nzima ilikijua kidole gumba cha mama yangu kuliko uso wa mkuu yeyote wa serikali, na mimi nilitembea sokoni nimeinua kichwa kwa sababu ya kidole hicho. Naringa mpaka leo.

Ilipotangazwa kwamba tujiandikishe ili tuchague, wengi walisita. Kwetu kuandikwa jina kulikuwa na harufu mbaya. Siku za vizuizi barabarani, mtu aliyekuwa na orodha mkononi hakuwa mtu wa kumkaribia. Jirani yetu mmoja alijificha chooni siku tatu, akisema hataki jina lake lijulikane na mtu yeyote, hata Mungu amwite kwa ishara. Mama ndiye aliyewatoa akina mama wa Ngezi. Alijifunga kitenge kipya akasimama mstarini saa za asubuhi, na wenzake walipomuuliza kama haogopi alijibu, "Wakati ule batu baliniandika bila kuniuliza. Leo najiandikisha miye mwenyewe." Kadi yake aliitia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya Biblia, na Biblia chini ya mto.

Mimi nilichaguliwa kuwa prezida wa biro ya kupigia kura, ambayo ilikuwa darasa langu mwenyewe. Neno hilo, prezida, lilituchekesha nyumbani. Baba mdogo alinipigia saluti langoni kila jioni: "Mama Prezida, magari ya msafara iko wapi?" Nilicheka naye, lakini kazi sikuichekea. Walitupa kitabu cha sheria kwa Kifaransa, na mimi kitabu nikipewa nakisoma mpaka nyuzi za jalada. Nilikisoma mara tatu. Nilijua kwamba mpiga kura anatia alama ya msalaba kwenye kisanduku kando ya picha, na kwamba asiyeweza kalamu anaruhusiwa kuweka kidole, kwa kidau cha wino kinachowekwa kando ya kalamu. Nilijua kwamba karatasi yenye ishara ya kumtambulisha mwenyewe inabatilika. Na nilijua kwamba shahidi wa mgombea akipinga karatasi yoyote, pingamizi lake linaandikwa katika ripoti, ile wanayoiita PV, pamoja na sababu, na nakala zinapewa mashahidi wapeleke kwa wagombea wao.

Baba mdogo naye alipata cheo. Akawa témoin, yaani shahidi, wa mutoto wa kwetu katika biro yangu ile ile. Alikwenda kumsalimu mgombea hotelini, akarudi koti limenyooka na kifua mbele. "Nimemwambia," alitueleza, akiiita kura sauti kwa desturi yetu, "mu biro yetu hakuna sauti hata moja itapotea. Bote beko ya kwetu. Nimetoa jina yangu." Nilimwambia jina la mtu halitolewi kwa kura za watu wengine. Akanipigia saluti.

Mama hakuwahi kushika kalamu. Kwa wiki mbili nilimfundisha msalaba. Nilimpa kipande cha mkaa, na ukuta wa jiko ukawa daftari letu. Wa kwanza ulilala kama mtu mlevi, wa pili ulikuwa mkubwa kama mlango, lakini kufikia mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa anatia misalaba midogo, iliyonyooka, safu kwa safu, na yeye mwenyewe anarudi nyuma kuitazama huku ametia mikono kiunoni. Mke wa jirani aliingia kuomba chumvi, akauona ukuta, akashika mdomo akauliza nani amekufa. Tulicheka mpaka mama akakaa chini.

Katika siku hizo hizo alipita mama mmoja wa Gety, upande uliopigana na wetu wakati wa vita. Alikuwa mkunga, naye alikuwa anagombea kiti, na kila mtu alimhesabu kuwa anapoteza wakati wake kuja upande wetu. Alikuja sokoni Ngezi Jumamosi moja kwa miguu, na wanawake wawili nyuma yake, kila mmoja na karatasi chache zenye picha. Hakuna aliyemtukana. Walimgeuzia migongo tu, soko zima, mpaka ukasikia nyayo zake. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mama nikisahihisha madaftari, na nakiri kwamba niliinamisha kichwa kwenye daftari ambalo nilikuwa nimekwisha kulisahihisha.

Alisimama mbele ya kikapu chetu. "Jambo mama. Mafuta ya ngombe iko?"

"Iko," mama alisema.

Yule mama alichukua kipande kimoja, akafungua jani pale pale, akatia kidole chake katikati, juu ya alama ya mama, akachota, akala. Alikula amesimama, mbele ya watu wote, taratibu, akalamba kidole. Kisha akasema ni tamu, akatoa bei bila kupunguza, akafunga jani lake akaenda. Hakutaja uchaguzi. Hakuacha hata karatasi. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, halafu akavipanga upya vipande vilivyobaki, jambo ambalo halikuhitajika. Baada ya siku mbili mimi nilikuwa nimesahau.

Siku ya kura mstari ulianza kabla ya jua. Wavuvi waliokimbia ziwa walikuja na masweta, maana asubuhi za Bunia walikuwa hawajazizoea. Wachungaji walikuja na fimbo, nikaagiza fimbo zibaki mlangoni, zikawa msitu mdogo. Karatasi ya wabunge ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza kwa wingi wa picha, na nyuma ya kile kibanda cha katoni tulisikia watu wakipigana nayo. Muzee mmoja alitoa kichwa nje akaomba tumsaidie kuikunja. Nilimwambia sheria hairuhusu. Akaniuliza kama sheria iliwahi kukunja kitu kama kile.

Mama alifika saa nne. Alinipita kama hanijui, akatoa kadi, akachukua karatasi, akaingia kibandani. Hakukuwa na kelele za karatasi. Alikaa muda, nami moyoni nikasema, anatafuta picha, Mungu amsaidie. Alipotoka alikuwa ameikunja vizuri kuliko mtu yeyote siku ile, pembe nne zikirudi katikati, kama anavyolifunga jani la ndizi. Aliitia sandukuni, akachovya kidole kwenye wino, akaondoka. Nilijivunia mkunjo ule. Nilijiambia huyu ni mama yangu, na hajasoma hata siku moja.

Jioni tulifunga mlango kwa saa iliyopangwa tukamwaga sanduku juu ya madawati yaliyounganishwa. Kazi ilikuwa hivi: katibu anafungua karatasi, ananipa, mimi nainua juu mashahidi waone, nasoma, na mwingine anatia mstari kwa chaki ubaoni. Mutoto wa kwetu. Mutoto wa kwetu. Wagombea wachache wa kwetu wengine walipata vijistari, na baba mdogo aliwasamehe, maana nao walikuwa wa barabara ya ziwa. Safu ya mutoto wa kwetu ilijaza ubao, tukaanza ya pili chini yake. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele kabisa, amekunja nne, akiitikia kila jina kwa kichwa. Mashahidi wawili wa vyama vingine walikuwa wanasinzia. Yule mama wa Gety hakuwa na shahidi kwetu. Nani angethubutu kumkalia pale?

Jua lilikuwa limeshuka na tumewasha taa za betri wakati katibu alipofungua karatasi moja yenye pembe nne zilizorudi katikati.

Niliujua mkunjo kabla ya kuona kitu. Halafu nikaona. Hapakuwa na msalaba. Kando ya picha ya mama wa Gety, ndani ya kisanduku, palikuwa na kidole gumba kilichobonyezwa kwa nguvu, kikatoka vizuri kabisa, na katikati yake mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe.

Sitajificha nyuma ya cheo hapa. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sheria. Kilikuwa lango la mabati. Niliiona nyumba yetu ndogo ya nyuma, nikaona magodoro yetu yamewekwa barabarani, na mama amekaa juu yake ameshika kibuyu. Rundo la zilizoharibika lilikuwa pale mkono wangu wa kushoto, karatasi za waliotia misalaba mitatu na za waliochora jua. Ningeitupa hapo, niseme wino umemwagika, na nani angebisha? Mwenye kura hakuwa na shahidi. Pumzi moja nzima niliishika ile karatasi chini, chini ya usawa wa meza.

"Mutoto wangu, soma," alisema baba mdogo.

Niliiinua. Nilisoma jina la mama wa Gety.

Chaki ilibaki hewani. Mashahidi waliosinzia waliamka, maana kimya huamsha kuliko kelele. Baba mdogo alisema nimekosea, nisome tena. Nikasoma tena. Akasimama, akavaa miwani, akaja mpaka kwenye taa.

Alikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Mtu huyo alikuwa amekula siagi ya mama kila siku ya Mungu tangu tulipofika kwake, juu ya ugali, juu ya sombe la majani ya mihogo, juu ya viazi vitamu. Niliona anavyokijua. Na katibu alikijua, na mwenye chaki alikijua, kwa sababu wote walikuwa watu wa Ngezi wenye sahani. Kosa lililoje, nilijisemea. Mtu aliyeweka kidole kwenye kila kitu maishani mwake amesahau msalaba siku moja tu, siku hii.

"Hii iko nulle, imeharibika," alisema baba mdogo, na sauti yake haikuwa na saluti tena. "Iko na alama ya kumujulisha mutu."

"Kidole kinaruhusiwa," nilisema. Nilifungua kitabu, nikasoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. "Kila kidole ni cha mtu. Kama nikikitupa hiki nitupe na vile vyote vya wazee wetu, na vingi viko kwenye safu yako."

"Miye napinga."

"Ni haki yako, baba." Nilivuta PV karibu, nikafungua kalamu. "Naandika. Shahidi anapinga karatasi hii kwa sababu kidole kinamtambulisha mpiga kura. Sasa sema, nimalize: kinamtambulisha nani?"

Aligeuka kuwatazama mashahidi wengine.

"Lazima niandike nani. Bila hivyo si sababu. Halafu nitakupa nakala yako upeleke kwa mutoto wa kwetu."

Alielewa kabla sijamaliza. Aandike jina la nani? La mke wa kaka yake? La mjane anayelala ndani ya lupango lake, anayemjazia sahani? Yeye aliyekuwa ametoa jina lake, ampelekee mgombea karatasi yenye mhuri kwamba kura pekee ya biro iliyokwenda Gety ilitoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe? Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Hapana andika," alisema.

"Unaondoa pingamizi?"

"Naondoa, Mama Prezida." Safari hii hakunitania, na nilitamani angenitania.

Mwenye chaki alitia mstari mmoja, peke yake, mbali na mingine. Tukaendelea hadi mwisho, tukatia sahihi, na karatasi ya matokeo tukaibandika kwenye mlango wa darasa. Nilirudi nyumbani nyuma ya baba mdogo, hatua kumi nyuma, na lango alilifungua akaingia bila kunishikia. Nililala nimevaa nguo zangu.

Kesho yake mama alitaka kupelekwa shuleni. Watu walikuwa wamejazana mlangoni wanashangilia, na kwa kuwa alikuwa mama wa mafuta walimpisha. Aliniambia nimwonyeshe mstari wa mama wa Gety. Nikamwonyesha. Mwisho wa mstari kulikuwa na namba moja. Aliweka kidole juu yake, kile kile, akakiacha hapo kidogo, akaniuliza, "Hii njo yangu?" Nikasema ndiyo, sauti ya chini. Akaniambia nisinong'one, hatukuiba.

Siku sita baba mdogo hakula siagi yetu. Mama alimpelekea sahani kila mchana kama kawaida, na kila mchana sahani ilirudi na kile kipande kimekaa juu ya sombe, hakijaguswa. Nilianza kuuliza walimu wenzangu kama kuna chumba cha kupanga. Mama alinikuta nikikunja nguo akanikataza. Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa baba mdogo alikuja nyuma kwetu yeye mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, sahani mkononi. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Shemeji," alisema, "bugali bila mafuta inanishinda."

Mama alichukua sahani. Alikata kipande, akakiweka, akabonyeza kidole mbele ya macho yake, kwa nguvu kuliko siku zote. Baba mdogo alikitazama. Kisha alikaa kwenye kigoda chetu, akamega ugali, akauchovya pale pale katikati ya alama, akala mpaka akamaliza. Alipoondoka alisema, bila kutuangalia, kwamba mgombea amemshukuru sana kwa kazi ya Ngezi, na kwamba karatasi ya matokeo mgombea hakuisoma yote. Sijui kama ilikuwa kweli. Lango lilibaki letu.

Hapo ndipo nilipopata moyo wa kumuuliza mama. Alikuwa ameketi anatayarisha kibuyu, na ukuta nyuma yake bado umejaa misalaba ya mkaa, safu kwa safu.

"Mama, msalaba nilikufundisha wiki mbili. Namna gani ulisahau?"

"Nisahau nini?" Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akautia mmoja ukutani kwa ukucha, mdogo, umenyooka. "Musalaba naujua."

"Sasa juu ya nini ukaweka kidole?"

Alinishangaa, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeuliza kwa nini tunaandika kutoka kushoto. "Kama ningetia musalaba, mungesema nini pale? Mungesema, huyu ni mama muzee moja hajui kusoma, alikosea picha. Mungecheka, mungeendelea. Kitu ikitoka mu mikono yangu, batu bajue ni miye." Akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Ile mama alikula mafuta yangu mbele ya soko bila kunusa. Weye unataka nimupe kitu ya kunusa?"

Nilikuwa nimembeba wiki nzima kama mtu aliyekosea, na kumbe katika biro yangu yote, pamoja na prezida wake, ni yeye peke yake aliyekuwa ametia sahihi. Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta, yalikuwa ya kuringa.

"Na weye," alisema, "ulitaka kuitupa?"

Ningeweza kumdanganya. "Kidogo," nilisema. "Pumzi moja."

Alifikiri. Alinipima kwa macho, kama anavyoipima siagi kabla ya kuikata.

"Pumzi moja haiko mbaya," alisema, akanisukumia kibuyu mapajani. "Basi, Mama Prezida. Sukasuka."